Sedani ya Kitengela: Magurudumu Mawili au Manne?



Ni nadra siku hizi kuikuta familia ya Mombasa, Malindi au Lamu isiyo na jamaa aliyehamia bara kwa ajili ya kazi, na miongoni mwa majina ya bara yanayotajwa sana vibarazani mwetu ni Kitengela. Mji huu uko kiasi cha kilomita 30 kusini ya Nairobi, ndani ya Kaunti ya Kajiado, kwenye barabara kuu iendayo Namanga. Kijana hununua kiwanja huko kwa kuwa cha Nairobi hakimudu, hujenga polepole, huoa, na mtoto wa kwanza akifikia umri wa kwenda chuoni na skuli, suali la gari huingia ndani ya nyumba.

Suali hilo huniijia mara nyingi kuliko vile mtu wa kazi yangu angetazamia, na aghalabu wanaouliza ni akina mama, kwa kuwa wao ndio watakaoliendesha gari hilo alfajiri na jioni. Nalo huja kwa sura moja: tununue sedani iliyotumika inayovutwa na magurudumu mawili ya mbele, au tuongeze fedha tupate ile ya magurudumu manne, waiitayo fowili? Wauzaji wana jawabu lao tayari: fowili haikwami. Neno hili silipendi. Nimeziona fowili zikivutwa na trekta.

Rai yangu naiweka mbele ili msomaji asisubiri. Kwa familia nyingi za Kitengela, sedani ya magurudumu ya mbele yenye matairi mazuri inatosha. Wako wanaohitaji fowili kwa haki, nao nitawataja. Ama fowili iliyochoka, iliyonunuliwa kwa kuwa jina lake lina sifa, ni mzigo kuliko gari la kawaida lililotunzwa. Na kinachoamua baina ya haya ni njia itokayo kwenye lami hadi mlangoni pako, kabla ya gari lenyewe.

Tuanze na ardhi. Tambarare ya Athi na Kaputiei, ambayo Kitengela imekaa juu yake, ina udongo mweusi mzito ambao wahandisi huuita udongo wa pamba. Kiangazi hupasuka nyufa ambazo mguu wa mtoto waweza kuingia. Mvua ikinyesha hunywa maji ukafura. Aliyejenga huko anaufahamu vyema, kwani fundi wake alimwambia auchimbe wote autoe, ajaze mawe na kifusi, ndipo aweke msingi, la sivyo kuta zitaachana. Sasa, udongo huo huo uliotolewa chini ya nyumba kwa kuogopwa, umeachwa barabarani. Masika ya Machi hadi Mei, na vuli ya Oktoba hadi Disemba, juu yake huwa kama sabuni. Tena hunata. Tairi likizunguka mara tatu au nne, mifereji yake hujaa tope na uso wake wote huwa laini kama mtungi uliopakwa mafuta. Tope likiendelea kupanda, hujaa chini ya mkingo wa gurudumu mpaka gurudumu lenyewe likakataa kuzunguka.

Hapo ndipo msomaji aone jambo ambalo muuzaji hamwambii. Nguvu ya injini ikigawanywa kwa magurudumu manne ni faida pale ambapo angalau baadhi ya matairi yanashika ardhi. Yakiwa yote manne yamekuwa laini kwa tope, gari lina magurudumu manne yanayoteleza badala ya mawili.

Katika Axio, Premio, Allion na Mazda Axela zilizo nyingi, injini imelazwa mbele kwa upana, na nguvu zake huishia kwenye magurudumu mawili ya mbele. Mpango huu ni mwepesi, hauna mtalimbo mrefu unaopita chini ya gari, na una hekima yake: uzito wa injini na giaboksi unakandamiza magurudumu yale yale yanayovuta. Udhaifu wake huonekana kwenye mteremko wa kupanda, ambapo uzito wa gari huegemea nyuma na magurudumu ya mbele yakawa mepesi. Madereva wa zamani walikuwa na dawa: waligeuza gari wakapanda kinyumenyume, ili mzigo wa injini uwe upande wa chini. Si jambo la kupendeza kulifanya mbele ya majirani, lakini hufaulu.

Sedani ya Toyota ya magurudumu manne ni gari lile lile la kuvutwa mbele, ila limeongezewa propela inayokwenda nyuma, difu ya pili baina ya magurudumu ya nyuma, na kiungo kinachopeleka nguvu nyuma yale ya mbele yanapoanza kuteleza. Subaru ana njia yake. Tangu Leone ya mwaka 1972 kampuni hiyo imejijengea jina kwa magari madogo ya abiria yenye magurudumu manne, na katika Impreza na Legacy zake za namna hiyo nguvu huenda mbele na nyuma muda wote. Lakini asidhani mtu kwamba kila Subaru ni fowili; Impreza G4, ambayo ni sedani, ilitengenezwa pia kwa magurudumu ya mbele, nazo huko Kenya ziko.

Hakuna hata moja kati ya hizi iliyo Land Cruiser. Hazina gia ile nzito ya kupandia polepole, na hazikukusudiwa mbuga. Zilikusudiwa theluji. Kaskazini ya Japani, Hokkaido na nchi za jirani yake, theluji hufunika barabara miezi mingi, na mwalimu au muuza duka wa huko huhitaji sedani itakayoondoka mlangoni pake asubuhi na kupanda kilima cha lami chenye barafu. Kwake yeye fowili ni jambo la kila siku. Theluji haimezi gari mpaka tumboni baada ya kusafishwa na katapila, na chini yake kuna lami. Tope letu halina lami chini yake. Liko jengine pia: barabara za huko humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi hula chuma. Basi fowili nyingi zinazoshuka bandarini kwetu zimeishi katika chumvi kuliko wenzao, na watu wa Pwani hatuhitaji kufundishwa chumvi inavyokula bati. Inama uangalie tumbo la gari kabla hujavutiwa na rangi yake.

Yanayomwokoa mtu kwenye tope ni matatu, na idadi ya magurudumu yanayovuta ni la tatu. La kwanza ni urefu wa tumbo la gari kutoka ardhini. Sedani nyingi ziko kiasi cha sentimita 15 tu, na kuongezewa fowili hakuinyanyui kwa kipimo cha maana. Njia ikiwa na mifereji miwili iliyochimbwa na malori, mgongo wa udongo ulio katikati hushika tumbo la gari, magurudumu yakabaki yananing'inia, na hapo hata yawe manane hayatafaa. La pili ni matairi: umri wake, kina cha mifereji yake, na namna ya uso wake. Ukiwa na tairi la lami lililolika, tope hulijaza mara moja. La mifereji mipana hulitupa tope kwa kuzunguka.

Ushahidi wa maneno haya uko barabarani. Ingia Isinya, Bissil au kijiji chochote cha Kajiado siku ya mnada, uhesabu Probox zilizobeba maziwa, mbuzi, mabati na watu. Nyingi yao ni za magurudumu ya mbele. Ni nyepesi, spring zake za nyuma ni ngumu, na wenyewe hawazionei huruma. Na wazee wanaokumbuka Safari Rally ya zamani wanajua kwamba Ove Andersson aliishinda mwaka 1975 kwa Peugeot 504, sedani iliyokuwa ikisukumwa na magurudumu mawili ya nyuma tu, katika zama ambazo mashindano hayo yalikuwa ya maelfu ya kilomita za tope na vumbi. Ile 504 ilikuwa imenyanyuka, na springi zake ndefu zilikuwa zikifuata ardhi. Baba zetu waliipanda kama teksi wala hakuna aliyeuliza habari ya fowili.

Sasa gharama, kwani hapa ndipo nyumba nyingi hutikisika. Fowili hubeba makumi ya kilo za ziada na kuzungusha vyuma zaidi, kwa hivyo hunywa zaidi. Tukadirie: mtu aendaye Nairobi kazini na kurudi siku za kazi, pamoja na safari za nyumbani, hukamilisha kama kilomita 1,300 kwa mwezi. Gari la mbele likienda kilomita 13 kwa lita katika msongamano, litahitaji lita 100. La magurudumu manne likienda 11 na nusu, litahitaji 113. Mwishoni mwa 2025 lita ya petroli Nairobi ilikuwa imepita shilingi 180; basi tofauti ni kama shilingi 2,400 kwa mwezi, karibu 29,000 kwa mwaka. Hizo ni fedha za kununulia matairi kadhaa.

Na matairi ndiyo kitanzi cha pili. Katika fowili, hasa Subaru, matairi yote manne yanatakiwa yawe ya kipimo kimoja, namna moja, na yaliyolika sawasawa. Subaru wenyewe hutaka tofauti ya mzingo baina yao isizidi kama milimita sita. Tairi jipya likifungwa karibu na matatu yaliyolika, magurudumu hayazunguki kwa kasi moja, na kile kiungo cha katikati hudhani kwamba gari linateleza kila siku ya Mungu, hata juu ya lami kavu. Hufanya kazi bila kupumzika, hupata moto, hufa. Mama aliyepasukiwa na tairi moja njiani Athi River, akamwambia fundi amfungie lolote lililopo, hajui kwamba ameanzisha bili ya miezi sita ijayo. Juu ya hayo, difu ya nyuma ina mafuta yake ya kubadilishwa, ambayo katika gereji nyingi hakuna anayeyakumbuka mpaka yaanze kulia.

Gari la mbele lina lake: viungo vya ekseli za mbele, vifunikwe kwa mipira mizima. Mpira ukichanika, tope huingia, na baada ya muda utasikia mlio wa kokoto ukikata kona. Kuukagua ni bure. Na magari haya mengi ya siku hizi, ya mbele na ya manne, yana giaboksi ya CVT, ambayo haipendi kuzungushwa mahali pamoja tumbo likiwa limekaa kwenye tope. Dakika tano za kukanyaga moto kwa hasira zaweza kuipasha joto la kuidhuru. Ukiona gari halisogei, acha kukanyaga. Toa watu, weka mawe au matawi mbele ya matairi, punguza upepo kidogo, ukumbuke kuurudisha ufikapo lami.

Binti wa dada yangu ni mwalimu, na nyumba yao iko upande wa Kisaju. Mwanawe wa pili ana pumu. Alipokuja kunishauri hakutafuta gari la kujionyesha. Alitaka gari litakalotoka saa nane za usiku, mvua ikinyesha, mtoto akiwa hapumui vizuri. Mumewe alikuwa ameshaiona Axio ya fowili, bei yake ndogo kuliko wenzake, na moyo wake ulikuwa umeelekea huko. Niliwaomba kitu kimoja: wavae mabuti, siku ya pili baada ya mvua kubwa, wakatembee kutoka lami mpaka kwao wakihesabu hatua. Walikuta ni kilomita moja na robo. Karibu yote ilikuwa imemwagwa changarawe na inapitika. Udongo mweusi mtupu ulikuwa kama mita mia mbili, katika bonde moja karibu na kiwanja kisichojengwa.

Suala likageuka sura. Je, wanunue difu ya pili na propela, wavibebe Nairobi na kurudi kila siku ya mwaka, kwa ajili ya mita mia mbili? Na ile Axio ya bei rahisi ilipokaguliwa, ilikutwa na matairi ya chapa tatu tofauti. Walichukua ya magurudumu ya mbele iliyokuwa na risiti zake za matengenezo, wakafunga matairi manne mapya, kisha wakachanga na majirani watano wakaleta malori ya changarawe kwenye lile bonde na kuchimba mtaro wa kutoa maji. Kazi ya mtaro ndiyo iliyokuwa na manufaa kuliko changarawe. Maji yakipata pa kwenda, udongo haufuri hivyo.

Lakini sikuwaacha na gari peke yake, kwani pumu haisubiri gari lolote. Dawa ya kuvuta na kifaa chake viko nyumbani, cha akiba kiko kwa jirani, na jirani huyo ana pikapu ndefu na ameshakubali kugongewa usiku. Siku za mvua kubwa gari hulala kwenye kituo cha petroli kando ya lami, kwa malipo madogo kwa mlinzi, na watu huenda nyumbani kwa miguu. Baba akilalamika viatu vimechafuka, avumilie.

Mwengine ni muuguzi, mke wa rafiki yangu, anayeingia zamu za usiku mjini Kajiado. Kwao ni kilomita sita ndani ya mbuga, udongo mweusi karibu wote, na kilima kimoja kifupi cha kupanda mwishoni. Hurudi peke yake alfajiri. Huyu fowili ni haki yake, wala asiambiwe anaisitahi anasa. Tena kwa masafa hayo mimi nilimwambia mumewe aache kabisa kutafuta sedani. Forester ya miaka ya karibuni ina tumbo lililonyanyuka sentimita 22, na tofauti hiyo ya sentimita saba ina thamani kuliko jina Legacy lenye ngozi ndani. Mke akikwama peke yake saa kumi na moja za alfajiri kwenye mbuga, hasara yake haihesabiwi kwa petroli.

Ukishuka kuelekea Kajiado mjini na kupita, hali hubadilika. Barabara kuu ya Namanga ni lami, na juu ya lami gari la mbele halipungukiwi na kitu. Hapa nataka akina mama wasome polepole: fowili husaidia kuondoka, haisaidii kusimama. Kila gari, la mbele au la manne, lina breki kwenye magurudumu yote, na kwenye lami iliyoloa kinacholisimamisha ni matairi na kasi. Dereva wa fowili aliyejiamini kwa sababu gari lake liliondoka bila kuteleza, humkuta lori la saruji mbele yake kwa kasi asiyoweza kuipunguza.

Nje ya lami huko, khatari kubwa ni makorongo kuliko tope. Jina Kajiado lenyewe limetokana na Olkejuado, mto mrefu kwa Kimaasai, nao ni mto wa msimu: leo mchanga mtupu, kesho maji ya hudhurungi yaliyotoka mvua ya mbali ambayo wewe hukuiona. Masika ya 2024 nchi nzima ilijionea, na mto Athi ulipofurika, watu waliokaa karibu nao walihamishwa. Maji yanayokwenda kasi, ya kina cha sentimita 30, yaweza kulichukua gari dogo. Yakifika 60, karibu kila gari huelea. Gari linaloelea halina gurudumu linalogusa chini, basi hesabu ya magurudumu yanayovuta haina maana hapo. Subiri. Makorongo mengi hupungua baada ya saa chache.

Ukishaamua kununua, hakikisha kwamba unachouziwa ndicho. Kibandiko cha fowili nyuma ya buti hununuliwa madukani. Tazama namba ya chesisi na bamba la chuma kwenye injini: Axio ya kizazi cha kwanza ikianza na NZE141 ni ya mbele, NZE144 ni ya manne, ya kizazi kilichofuata, NZE161 ni ya mbele na NZE164 ni ya manne. Premio na Allion zikianza na NZT260 au ZRT260 ni za mbele. ZRT265 ni ya manne. Kisha inama uione propela na difu ya nyuma kwa macho yako, kwani wapo walioona kiungo kimeharibika wakaing'oa propela na kuliuza gari kama lilivyo. Kwa magari yanayoingizwa mapya kutoka Japani, kanuni ya Kenya hairuhusu yaliyopita miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Mwaka 2025 mpaka ulikuwa 2018. Gari la zamani zaidi ya hapo lilikwishatembea nchini, na tope la mtu mwengine huenda limeshalitumia.

Kwa fowili kuna jaribio jepesi. Injini na giaboksi zikiwa zimepata moto, ingia mahali pakavu pa lami, kata usukani mpaka mwisho, uliachie gari lizunguke polepole duara kamili, kulia kisha kushoto. Likikaza, likiruka-ruka kana kwamba breki imeshikwa, kiungo chake cha katikati kina kasoro. Sikiliza mlio wa mvumo kutoka nyuma ukiwa kasi ya kilomita 60 hadi 80. Hiyo ni difu inayolia. Muulize pia muuzaji ni lini difu ilibadilishwa mafuta, na uangalie uso wake kabla ya kusikiliza jibu. Likiharibika njiani, fowili isivutwe magurudumu mawili yakiwa juu na mawili yakizunguka chini. Ibebwe nzima juu ya lori. Mwandikie hilo mkeo kwenye karatasi ndani ya gari, kwani wenye magari ya kuvuta wengine hawajali.

Na kwa kuwa hii ni biashara, ifuatwe kama biashara. Tazama umiliki kwenye mtandao wa NTSA kupitia eCitizen kabla ya kulipa, ujue logibuku ni ya nani na kama benki ina deni juu yake. Fedha ziende benki, mashahidi wawepo. Muuzaji anayejua kasoro akainyamaza, mnunuzi ana haki ya kulirudisha gari. Lakini usingoje mzozo. Katika madhehebu ya Shafi'i tunayoyafuata Pwani, wawili wanaweza kushartiana khiyari isiyozidi siku tatu, na wafanyabiashara wazuri hawaikatai wakiombwa kwa adabu. Iandikwe katika mkataba: namba ya chesisi, kilomita zinazosomeka, chapa za matairi, kwamba magurudumu ya nyuma yanapokea nguvu, na kwamba mnunuzi ana siku tatu. Kisha ulipeleke gari Kitengela siku hiyo hiyo, upite nalo ile kilomita yako ya mwisho ukiwa na fundi, na mke akiwa kwenye usukani.